Mteremko wa Likoni Wamngoja Ngumbao

Saa nne asubuhi, Likoni, Novemba 1963. Ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na sasa yamekupwa mpaka mteremko wa feri umebaki wazi wote. Nusu yake ya chini imefunikwa na mwani wa kijani unaong'aa juani. Juu ya mteremko amesimama Ngumbao Karisa na pikipiki yake. Mara mbili ameisukuma mpaka ukingoni, akairudisha nyuma.

"Usiniangalie hivyo," anamwambia mwandishi wa habari hizi.

Anafuta kioo cha usukani, ingawa ni safi.

Ngumbao, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni tarishi wa zahanati ya wazazi huko Kisauni. Kazi yake ni kumfuata mkunga na kumfikisha kwa mwenye uchungu. Mshahara wake ni shilingi mia na ishirini kwa mwezi, na haulalamikii. Analolalamikia ni mteremko huu.

Mkunga ni Bi Mwanatabu, mzaliwa na mkaazi wa Likoni, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei. Hupanda pikipiki kwa kukaa upande, buibui amelikusanya mapajani, sanduku lake la bati amelikumbatia. Watoto wengi wa Kisauni wamepita mikononi mwake.

Miezi mitano iliyopita walianguka hapa, wote wawili.

Wenye pikipiki wa Likoni wana mazoea yao. Wakifika juu ya mteremko huzima mashine, wakaiachia ishuke yenyewe. Petroli inapona kidogo, mbuzi wa watu hawashtuki, na mtu anaonekana fundi. Wameyafanya hayo miaka nenda miaka rudi.

"Nilizima kama kila siku," anasema Ngumbao. "Tulipofika kwenye mwani, hakuna cha kuishika ila breki. Nikaminya. Gurudumu la mbele likaenda zake. Nilisikia sanduku likigonga chini, mikasi ikiteleza majini, kisha nikamsikia Bi Mwanatabu akilia. Sauti ile ninayo mpaka leo."

Bi Mwanatabu alivunjika mtulinga, mfupa wa begani. Mama waliyekuwa wakimwendea alizalishwa na majirani, na kwa rehema za Mungu akatoka salama na mwanawe. Lakini Ngumbao hakuweza kuigusa pikipiki. Akinyanyua mguu aipande, huurudisha chini.

Zahanati ikampa neno moja: ajifunze upya, la sivyo mashine, ambayo ni mali ya zahanati, apewe mwingine.

Lakini hofu yake kubwa iko nyumbani. Mkewe, Nyamvula, ana mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza alifia tumboni siku ya kuzaliwa, mkunga akiwa upande huu wa maji bila wa kumvusha, maana Ngumbao alikuwa bado hajaipata kazi hii. Safari hii Nyamvula amesema hataki mkono mwingine ila wa Bi Mwanatabu.

"Sasa niambie, bwana," anauliza Ngumbao. "Nisipomfuata mimi, atamfuata nani?"

Ndipo akajiunga na chama cha waendesha pikipiki cha Changamwe, kikundi kidogo kinachokutana Jumapili katika uwanja wa vumbi karibu na reli. Mwalimu wao, Mzee Ishaka, alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki huko Burma wakati wa vita, na maneno matamu hana.

"Huyu alikuja anajua kwenda," anasema Mzee Ishaka. "Kusimama hajui. Nyote ndivyo mlivyo."

Mwandishi wa habari hizi, ambaye ana baiskeli tu, akaliandika na hilo.

Mzee Ishaka alilowesha tuta la udongo, akawa anamteremsha hapo kutwa. Gia namba moja, mashine inanguruma na kuzuia magurudumu yenyewe, mkono mbali na breki ya mbele. Nyuma alimfungia gunia la mchanga, limelala upande mmoja kama mwanamke aliyekaa upande. Wenzake wakaliita Bi Mchanga. Ngumbao akianguka, wao humwacha yeye chini na kumkimbilia bibi: "Jamani, Bi Mchanga mzima?" Gunia lilishonwa upya mara kadhaa.

Chama kina ada yake pia. Aliyeanguka na abiria havai kitambaa cha buluu cha chama mpaka ashuke pale pale alipoangukia, na abiria yule yule. Abiria akikataa, basi.

Bi Mwanatabu alikataa kwa muda mrefu.

"Wallahi nilisema hapana," anaeleza. "Kisha Nyamvula akaja nimpime tumbo. Katoka Kisauni na tumbo lile, kavuka peke yake. Hakunitajia mumewe hata kidogo. Nikaona haya."

Leo amekuja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Sikuweza."

"Hata mimi."

Anakaa upande, anakumbatia sanduku. Kwenye foleni watu wanabishana juu ya Uhuru wa mwezi ujao, nani atapata nini. Wanapomwona Bi Mwanatabu juu ya pikipiki ile, wanageuka wote kutazama. Hamali mmoja anavuta mkokoteni wake pembeni na kufumba macho.

Pikipiki inaanza kushuka, inanguruma. Mbuzi wanakimbia. Wanafika kwenye mwani, na hapo kidole gumba cha Ngumbao kinaonekana kikienda kwenye swichi, kuizima mashine. Mzee Ishaka, aliyesimama chini karibu na feri, anatukana kwa sauti. Kidole kinasita, kinarudi. Gurudumu la nyuma linateleza kiasi cha shubiri, nasi sote tunapiga kelele. Ngumbao haminyi kitu. Mashine inajishika yenyewe, inatambaa, inagonga bamba la feri, imepanda.

Bi Mwanatabu hashuki. Bado amelishika shati la Ngumbao kwa ngumi, na machozi yanamtoka.

"Kidole kilikwenda chenyewe," Ngumbao anasema, anahema. "Mama, nisamehe. Kilikwenda chenyewe."

"Nilikiona," anajibu Bi Mwanatabu. "Nikakiona kikirudi. Siku ya mkeo uje unichukue. Maji yawe yamejaa, yawe yamekupwa, tutashuka."

Mzee Ishaka anamfunga kitambaa shingoni na kukikaza kupita kiasi.

Nyamvula anatazamiwa kujifungua mwezi mwingine utakapoandama. Mpango wa Ngumbao ni kuja mteremkoni kila siku ya bamvua, na Bi Mchanga nyuma, mpaka siku hiyo ifike. Namuuliza: je, siku yenyewe ukishikwa na hofu?

Anakifuta kidole gumba kwa ncha ya kitambaa kipya.

"Namwomba Mungu nishikwe nayo," anasema. "Siku ile tulipoanguka, bwana, sikuwa naogopa hata kidogo. Nilikuwa napiga mluzi."