Maini Juu ya Uchaga

Ukitaka kumfundisha mbwa, usianze na kamba wala fimbo. Anza kwa kujua ni chakula gani anachokipenda kuliko vyote. Ndivyo alivyoniambia mkuu wa walinzi wa hoteli niliyoifanyia kazi Diani, na kwa muda mrefu niliona hayo ndiyo maneno ya maana kuliko yote niliyopata kuyasikia kazini.

Hoteli ilifungwa baada ya fujo za Likoni. Watalii walikatika ghafla kama maji ya mfereji, nasi tukaachishwa kazi kwa makundi: wahudumu, wapishi, mwisho walinzi. Siku ya kuagana mkuu wetu aliniita pembeni. Alinieleza kwamba milango ikifunguliwa tena walinzi hawatahitajika wengi kama zamani, na wa kwanza kuchukuliwa watakuwa wale wenye mbwa waliofunzwa. "Ukija, uje na mbwa," alisema. "Usije na mikono yako tu." Nikayabeba maneno hayo mpaka nyumbani, kwenye shamba letu la skimu huko juu ya Msambweni, ambako sisi watu wa bara tulipewa ardhi tangu wakati wa baba yangu.

Mbwa nilikuwa naye tayari, jike mchanga wa rangi ya mchanga wa pwani, sikio moja limesimama na jingine limelala. Tangu siku ile nilimtazama kama mtu anavyotazama shamba lililopaliliwa. Yeye ndiye aliyekuwa kazi yangu ya kesho.

Nilijaribu vyakula vingi. Mkate aliula akiwa na njaa tu, na hata hapo aliula huku akitazama kwingine. Dagaa aliwapenda, lakini walivunjika mfukoni wakawa unga, na harufu yake ilinifuata mpaka kanisani. Papa mkavu alimtia wazimu. Ila papa wa kununua ana chumvi nyingi, ukimloweka chumvi ikatoka, utamu nao unatoka, na usipomloweka mbwa anashinda akinywa maji na kazi haifanyiki. Mapafu ya mbuzi niliyaleta kutoka mnadani Kinango. Hayo ni mazuri, yakikauka huwa mepesi kama sifongo na hukatika vizuri. Lakini ule ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Mapafu yalifanya ukungu kabla hayajakauka.

Yakabaki maini. Hakuna kinachoyafikia maini. Nilikuwa nikiyaosha, nikiyachemsha kidogo bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu humdhuru mbwa, kisha nikiyakata vipande vyembamba na kuyaanika. Yakishakauka nilivikata tena vile vipande, kila kimoja kama punje ya hindi. Kipande kisiwe kikubwa. Mbwa akitafuna sana anasahau alichopewa zawadi kwa ajili yake. Anatakiwa ameze, halafu akutazame tena.

Kabla mvua hazijashika niliyaanika uani kwenye ungo wa mke wangu, nimeyafunika na chandarua kikuukuu kwa ajili ya nzi na wale kunguru wasio na haya. Mke wangu aliniangalia nikiuchukua ungo. Alisema neno moja tu, kwamba ungo ukishaingia kwa mbwa ni wa mbwa, na tangu siku hiyo akawa anaazima wa jirani kupepetea mahindi. Mvua ziliposhika, nikauhamishia ungo jikoni, juu ya uchaga wa fito ulio juu ya mafiga. Moshi uliyakausha vizuri kuliko jua. Watoto walikuwa wakilala jikoni humo, kwa sababu chumba chao kilivuja.

Maini niliyanunua kwa mwenye buchari Ukunda, Mdigo mcha Mungu aliyeniomba kwa adabu nisimsogeze mbwa mlangoni pake. Nikalifanya ombi lake kuwa somo. Nilimlaza mbwa ng'ambo ya barabara, nyama zimening'inia mbele ya macho yake, naye hakuinuka mpaka nimwite. Watu walisimama kutazama. Sitaficha kwamba nilipenda kutazamwa. Mwenye buchari alikuwa akifunga maini kwenye gazeti, na kila mara aliniuliza swali lile lile: "Ya watoto haya, au ya yule wako?"

"Ya wote," nilimjibu.

Haikuwa kweli. Watoto walikula ugali na mchicha, na mahindi yalipopungua walikula mihogo, asubuhi na jioni. Niliwaambia wavumilie, kazi ya hoteli iko njiani.

Katika siku hizo alikuja kukaa kwetu kaka ya mke wangu. Alikuwa utingo wa lori Mackinnon Road, lakini barabara kuu ilikuwa imekatwakatwa na mvua na malori mengi yalikuwa yamelala. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mikono, na kisu kilimtii kuliko kilivyonitii mimi, kwa hiyo kazi ya kukata maini ikawa yake. Tulitaniana kama inavyowapasa mashemeji. Alikuwa akisema, "Shemeji, mimi nikifa nikaulizwa nataka kurudi duniani kama nani, nitasema kama mbwa wako." Nilicheka sana. Mke wangu alikuwa karibu akichambua mchicha, naye hakucheka, na mimi nikadhani hakusikia.

Somo kubwa la mbwa wa ulinzi ni kukataa. Mwizi anayejua kazi yake hapigani na mbwa, humtupia nyama yenye sumu. Kwa hiyo unamtafuta mtu awe mgeni. Mgeni anamnyooshea mbwa chakula. Mbwa akigeuza uso, wewe bwana wake unamwambia "Vema" na kumpa kitu kitamu zaidi kutoka mfukoni mwako. Mkuu wa walinzi alinionya nibadilishe wageni na nibadilishe vyakula. Sikubadilisha. Shemeji alikuwepo kila siku, hana kazi, nikamfanya yeye kuwa mgeni. Na chakula cha mkononi mwake kilikuwa mkate, siku zote mkate, kwa sababu niliona maini ni ghali mno kuchezewa. Mbwa alijua haraka. Shemeji akitoa mkate, mbwa aligeuza kichwa kando kama bibi harusi, na mimi nikamlipa maini. Nilijiona fundi. Kumbe alikuwa amejifunza kukataa mkate. Kumkataa mtu hakujifunza.

Na mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa akishinda na kisu na ungo, vidole vyake vikinuka maini.

Mvua zilipoanza kupungua nilikwenda Diani kuuliza. Mkuu wa walinzi nilimkuta getini, wapaka rangi wakiwa kazini ndani. Aliniambia nije na mbwa wiki inayofuata, ajaribiwe mbele ya meneja. Akifaulu, tunaanza kazi sote wawili. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Njiani niliwasalimu hata watu nisiowajua.

Nilipofika, mbwa hakuwepo. Shemeji naye hakuwepo. Mke wangu aliniambia kwamba kaka yake amesikia malori yameanza kutembea, amerudi Mackinnon Road kutafuta kazi. Kuhusu mbwa alisema mbwa huzurura. Nikaingia mashambani kumtafuta. Niliita mpaka sauti ikakauka, nikauliza kwa kila jirani, nikachungulia visima na mitaro. Kesho yake nikaanza tena. Sikumshuku mtu. Kama nilimfikiria shemeji, nilifikiri tu kwamba labda mbwa amemfuata kwa mazoea, na atarudi.

Mchana wa siku hiyo ya pili nilirudi kunywa maji, nikamkuta mke wangu uani anapepeta mahindi. Anayapepeta kwenye ungo wake. Alikuwa ameusugua kwa jivu na maji moto mpaka ukawa mweupe, na pembeni yake lilisimama gunia la mahindi ambalo sikulinunua mimi.

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Mwanamke yule hakuwa wa kutia chakula cha watoto kwenye ungo wa mbwa. Aliuosha kwa sababu alijua mbwa harudi, na aliuosha wakati mimi bado natembea nikiita.

"Mbwa yuko wapi?" nilimuuliza.

"Amekwenda na kaka yangu," alisema, na hakuacha kupepeta. "Kuna yadi ya malori Mackinnon Road, wanaibiwa usiku. Walikuwa wanataka mbwa mwenye akili."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekubali?"

Akauweka ungo chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Baba watoto, mwanao wa mwisho aliniuliza, akikaa chini vizuri na akanyamaza, naye atapewa maini?"

Maneno hayo niliyasikia, lakini siku ile hayakuingia. Kilichoingia ni kwamba wawili hao walikuwa wamekaa jikoni kwangu, chini ya uchaga wangu, wakaliamua jambo langu, kisha wakanitazama nikitoka kwenda Diani na wakaniombea safari njema. Wa kwanza niliyemlisha, wa pili niliyemwoa. Shemeji aliondoka na mbwa kwenye lori la nazi, akiwa na mfuko wangu wa maini kiunoni, ule nilioushona kwa kitambaa cha sare yangu ya kazi. Hakuhitaji hata kamba.

Kwetu ukiibiwa ng'ombe na ndugu wa mkeo, wazee watakaa. Mbuzi, huenda wakakaa. Lakini mtu azuke amdai shemeji yake mbwa mbele ya wazee, atachekwa mpaka na wajukuu wake. Mke wangu alilijua hilo. Nadhani ndiyo maana walichagua njia hiyo.

Asubuhi nilishika safari ya Mackinnon Road. Sikuwa na kipande cha maini nyumbani. Ungo ulikuwa mtupu na mfuko umekwenda. Kwenye kituo kimoja njiani nilinunua mkate, kwa kuwa sikutaka kumwendea mikono mitupu. Naapa sikukumbuka.

Shemeji sikumkuta, alikuwa ametoka na lori. Nilimkuta mlinzi wa yadi, mzee wa makamo, mwenye heshima. Nilimweleza kwamba mbwa ni wangu na kwamba sikumtoa mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye aliambiwa vingine, lakini hataki ugomvi wa nyumba ya watu. "Mwite," aliniambia. "Akikujia, ondoka naye. Sitakuzuia."

Mbwa alikuwa amelala chini ya trela. Nikasema "Njoo," kwa sauti ile ile ya kila siku.

Akaja. Nataka hilo lijulikane, kwamba alikuja. Alikuja mbio, mkia unampiga mbavuni, akaketi mbele yangu kama nilivyomfunza na kuninusa suruali pale mfuko ulipokuwa ukining'inia. Nikaingiza mkono kwenye karatasi, nikamega mkate, nikamnyooshea.

Akageuza kichwa kando.

Aligeuza vizuri kabisa, bila kusita, kama alivyogeuza siku zote mbele ya mkono wa mgeni. Kisha akamtazama mlinzi wa yadi, akingojea malipo yake. Na mlinzi, aliyekuwa amefunzwa na shemeji yangu, akatia mkono kwenye mfuko uliokuwa kiunoni mwake, mfuko wangu, akasema, "Vema."

Ningeweza kumfunga kamba nikaondoka naye. Mzee yule hakusogea kunizuia. Lakini gunia la mahindi nyumbani, bei yake, lilikuwa limefunguliwa tayari. Na sitasema uongo katika umri huu: moyo wangu ulikuwa umemkasirikia na mbwa pia. Nilimwona kama mwenzao wa tatu. Imenichukua miaka kukubali kwamba mnyama yule, peke yake kati yetu sote, alifanya kile alichofundishwa, na mwalimu nilikuwa mimi.

Hoteli ilifunguliwa, wakachukuliwa wengine. Shemeji alikuja kwetu baada ya mavuno, akanipa mkono, nikaupokea, tukataniana kidogo. Yeye nilimsamehe upesi. Nadhani ni kwa sababu sikuwahi kumtegemea. Mke wangu sikuwahi kumwambia kwamba nimemsamehe, wala yeye hakuwahi kuniomba. Tumezeeka hivyo. Nikiugua ananikalia kitandani, na bado kuna siku nikimwona anapepeta huhisi kama nimesimama tena na kile kikombe.

Siku ile ya kutoka Mackinnon Road nilifika nyumbani jua likizama. Mkate nilikuwa nao bado, umepondeka ndani ya karatasi, umemegwa pembe moja. Mke wangu alitazama nyuma yangu, akaona sina mbwa, akarudi kukoroga ugali wa yale mahindi. Binti yetu wa mwisho ndiye aliyenijia. Nilimpa mkate wote. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante baba, kisha akataka kukaa chini mbele yangu.

"La," nilimwambia. "Kula tu."

Akala, amesimama, macho yake yakiwa mfukoni mwangu.