Jinsi Mtu Anavyokimbia na Bunduki

Alfajiri kwenye kambi ya jeshi nilikokulia, upande ule wa Kampala ambako siku hizi kumejaa maghala, sauti ya kwanza haikuwa jogoo. Ilikuwa buti. Zilianza mbali nyuma ya uwanja wa mpira, zikaja zikikua, na ndani ya mshindo wake kulikuwa na mlio mwingine mdogo wa chuma, kwichi, kwichi, kwichi, pete za mikanda ya bunduki zikigonga mbao. Halafu wimbo. Mmoja anaita kwa sauti ya kukwaruza, kundi zima linaitikia, na vikombe vya bati kwenye rafu ya mama vinatikisika. Nilikuwa natoka kitandani mbio hadi kwenye ua wa michongoma bila kunawa uso, mama ananiita kutoka nyuma, nami nimekuwa kiziwi. Wakipita, lilibaki vumbi lenye harufu ya jasho na mafuta ya kusafishia bunduki. Mpaka leo fundi wa cherehani akitia mafuta mashine yake karibu nami, miguu inaniwasha.

Buti hizo nimezikumbuka kwa sababu ya gemu. Binti yangu anakaa Ntinda, na nikitoka kwangu Namuwongo kwenda kumtembelea siku ya Jumapili, namkuta mjukuu wangu Hawa, msichana wa miaka kumi na minne, amekaa mbele ya televisheni na pedi ya kuchezea mkononi, anamkimbiza mwanajeshi kwenye mji uliobomoka. Watu wanadhani bibi kama mimi ataanza kulalamika kwamba gemu zinaharibu watoto. Hapana. Mimi navuta kiti. Kinachonikera ni kitu kimoja tu, mbio za uongo. Mwanajeshi wa lile gemu la kwanza alishika bunduki ndefu kwa mkono mmoja karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza redio. Miguu yake iliteleza juu ya lami kana kwamba lami imepakwa sabuni. Akakimbia mji mzima bila kuhema, akasimama ghafla, na mtutu umetulia kama ufagio ulioegemezwa ukutani. Nikamwambia Hawa, "Huyo hajabeba bunduki. Huyo amebeba mwiko." Akacheka mpaka mtu wake akapigwa risasi. "Jaaja, umeniua," akasema; Jaaja ni bibi kwa Kiganda.

Mtu aliyebeba bunduki ya kweli hakimbii hivyo. Bunduki ni nzito, na uzito wake haukai mahali pamoja; kitako kinavuta huku, mtutu unavuta kule. Ukiishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, mikono haina ruhusa ya kupepea tena, basi kazi yake inahamia mabegani na kiunoni, na mwili wote unayumba kushoto na kulia kama mama aliyebeba mtoto mgongoni anayekataa kulala. Hatua zinafupika. Kisigino kinapiga chini kwa nguvu. Ukitaka kwenda kasi zaidi unaishika kwa mkono mmoja pale katikati inapojipima yenyewe, mtutu mbele, na mkono wa pili unafanya kazi ya miwili. Na ukisimama, husimami. Miguu imesimama lakini pumzi bado inakimbia, na mtutu unapanda na kushuka nayo.

Haya sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha darasa la nne. Nimeyajua kwa sababu ya mchezo wetu watoto wa kambini, na sijaona mchezo mtamu kama ule tangu hapo. Mmoja anachukua bunduki yake, yaani gogo la kuni lililofungwa jiwe upande mmoja kwa kamba ya mgomba, anakimbia kutoka bombani hadi kwenye karo la kufulia, na wengine wanakisia amekuwa askari gani. Fimbo nyepesi ilikatazwa. Ukija na fimbo, rafiki yangu Akello alikuwa anakuzomea, "Rudisha kwa mbuzi wako." Ilibidi ubebe uzito, kwa sababu bila uzito huwezi kumwiga mtu, unaiga nguo zake tu. Nilikuwa namweza yule askari mwenye goti bovu aliyetupa mguu nje kama anafukuza kuku. Nilimweza mpiga tarumbeta, aliyekimbia kidevu juu, bunduki imelala mkononi mwake kama kitoto. Nikiwa mpiga tarumbeta, wake za askari waliacha kufua wakashika mbavu.

Mwaka mmoja, mvua ndefu zilipokwisha, ikatoka amri mpya. Kila askari ambaye umri umesogea atakimbia peke yake na bunduki, azunguke uwanja wa mpira, apande hadi tangi la maji, ashuke, na afike langoni kabla ya filimbi. Atakayeshindwa, aende kwao. Baba yangu alikuwa koplo wa jikoni. Alikuwa amepika uji na maharagwe ya kambi nzima kwa miaka mingi, na tumbo lake lilionyesha kwamba alionja kila sufuria. Mbio alikimbia, ndiyo, lakini katikati ya kundi, ambako hakuna anayekuangalia. Akishindwa, tulikuwa tunatoka kwenye kile chumba chetu, na kwao ilikuwa mbali sana kaskazini, kwa ndugu ambao mimi sikuwahi kuwaona, kwa lugha ambayo sikuijua. Sisi watoto wa kambi lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Mama alikuwa amezaliwa kambini kama mimi. Hatukuwa na pengine.

Bunduki haikuruhusiwa kuja nyumbani, basi baba akachukua mchi wa mama. Kila jioni alizunguka safu za nyumba na mchi kifuani, watoto wote nyuma yake na magogo yetu, mbwa nyuma yetu, na wanawake mlangoni wakitoa maoni ambayo hakuna aliyewaomba. "Koplo, kinu umekiacha wapi?" Mama alisimama na sahani ya karanga mkononi. "Sasa hizi nitazitwanga na kichwa chako?" Baba akazidi kukimbia. Alirudi anahema kama ng'ombe, uso umekuwa rangi ya zambarau, na kila mtu aliona kwamba pale mwisho wa safu, kwenye kile kipandio kidogo tu, alikuwa anakatika. Si miguu. Miguu yake ilikuwa mizuri. Kitu kingine kilikuwa kinamshika.

Nilikipata nikiwa nacheza. Akello alisema, "Fanya baba yako," na wengine wakanyamaza, maana kumwiga baba wa mtu lilikuwa jambo la adabu mbaya, sembuse wako. Nikalifanya. Nikakusanya tumbo, nikabeba gogo chini kidogo kama yeye, nikatupa kiwiko cha kulia nje, nikakimbia. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Lakini mimi kabla ya kufika karoni nilisimama, kwa sababu kifua kilikuwa kinaniuma. Kukimbia kama baba kulinifanya nibane pumzi. Nakimbia kidogo, nabana, nangoja, naachia. Nangoja nini? Nikarudia tena, na mara ya pili nikajua. Miaka yote hiyo baba alikimbia kwenye kundi, kazi yake ilikuwa kuitikia. Kiongozi anaita, wewe unabana. Ukiitikia, hewa inatoka. Mapafu yake yalizoea hivyo. Sasa alikuwa peke yake na mchi, hakuna anayeita, naye alikuwa bado anangoja zamu yake ya kujibu.

Nilimwambia mama. Mama akamwambia baba wakati wa kula. "Mtoto anasema unangoja wimbo." Baba akaweka tonge chini, akaniangalia mimi, si yeye. "Mimi hapana pimwa kuimba. Mimi napimwa kukimbia. Kula." Basi tukala.

Siku yenyewe kambi nzima ilijipanga pembeni ya uwanja. Sajini aliyesimamia alikuwa mrefu, mwembamba, filimbi haikutoka mdomoni mwake hata akizungumza, na sisi tulimwita Filimbi. Akatangaza kwamba hataki kelele; kila askari na mapafu yake. Yule wa goti bovu akapita, nikafurahi sana, maana alikuwa amejifunza kuubeba mzigo wake upande wa mguu mzima. Mwingine akashindwa, akakaa chini langoni amejifunika uso na kofia, na mke wake akaondoka taratibu kwenda kufungasha. Nikaona mama amenishika bega. Alikuwa ananiumiza na hajui.

Baba akapewa bunduki. Akaondoka vizuri. Nyie, aliondoka vizuri kuliko nilivyotazamia, kitako kimekaa, mikono imetulia, mabega yanayumba inavyotakiwa, kwichi, kwichi, na mimi nilikuwa narukaruka pale kama nimekanyaga siafu. Uwanja akaumaliza. Akaingia kwenye kile kilima cha tangi, na hapo nikaona bunduki inaanza kushuka. Ikatoka kifuani, ikaja tumboni. Kiwiko kikatoka nje. Akabana. Akangoja. Nilimjua, nilikuwa nimekuwa yeye, nilijua hewa imekwamia wapi. Na kimya kile cha watu wote kilikuwa kinamuua.

Nikaita. Nilitumia ule wimbo wa jikoni ambao kundi la baba liliupenda. "Uji umeiva?" Kambi nzima ikanigeukia. Filimbi akanigeukia. Kule kilimani hakikutokea kitu, baba akapiga hatua mbili nzito, halafu tukasikia, kwa sauti ndogo iliyopasuka, "Bado." Hewa ikatoka. Kichwa kikainuka. "Moto unawaka?" nikaita. "Unawaka," akajibu, na safari hii Akello akajibu naye, na watoto, na wanawake wakitwanga hewa kwa ngumi zao, na nyuma kabisa askari waliokwisha kukimbia. Kila jibu lilimsukuma hatua mbele. Bunduki ikarudi kifuani yenyewe. Filimbi alikuja mpaka mbele yangu, akainama, akanitazama. Sikunyamaza; kama ningenyamaza baba angekufa kilimani. Askari mmoja wa langoni akauliza kama amnyamazishe mtoto. Filimbi akasema, "Watoto hawamo kwenye amri yangu," akarudi langoni, akaangalia saa.

Baba alishuka kile kilima kama gari lisilo na breki. Alipita langoni na filimbi ikalia nyuma ya mgongo wake. Hakusimama palepale kama yule wa mwiko. Alikwenda mbele, akaenda, akaenda, akaizunguka nguzo ya bendera, mtutu unapanda na kushuka, kisha akaikabidhi bunduki kwa heshima zote na kutapika nyuma ya gari la maji. Mama alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Jioni, baba akiwa na alama nyekundu ya mkanda shingoni, nilingoja anishukuru au anichape. Akachota maharagwe. "Wimbo wa kupanda mlima unaanzwa chini," akasema. "Wewe umeanza juu kama king'ora. Siku ingine anza chini." Hiyo ndiyo shukrani niliyopata, na ilinitosha.

Sasa, wiki chache zilizopita Hawa amepata gemu jipya. Akaniita kabla sijavua viatu. "Jaaja, kaa. Angalia huyu, halafu ndiyo useme." Akamkimbiza. Nikatazama, nikaona mabega yanayumba. Nikaona hatua zimefupika kwenye mlima. Mikono miwili imeibana bunduki kifuani, na kila mguu ukipiga chini mkanda unarukia upande, na nikasikia, naapa nimesikia, ile kwichi kwichi. Akamsimamisha. Miguu ikasimama, kifua hakikusimama, mtutu ukapanda, ukashuka. Nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti. Nikamwuliza aliyetengeneza ni nani na ameyajuaje. Hawa akaniambia kwamba siku hizi wanamvika mtu mzima vidude mwilini, wanampa bunduki ya kuigiza yenye uzito kama wa kweli, anakimbia ndani ya chumba kikubwa, na kompyuta inanasa mwendo wa kila kiungo chake. "Na akipewa fimbo nyepesi?" nikauliza. "Itaonekana uongo," akasema. Nikapiga goti langu kwa furaha. Watu wazima, huko walipo, wanalipwa kufanya mchezo wa Akello.

Nikamwomba pedi. Kidole changu ni kigumu, nimechambua ndizi na nyanya soko la Nakasero zaidi ya nusu ya maisha yangu, lakini Hawa alikiweka mahali pake na mtu akaondoka. Nilimkimbiza mpaka akaishiwa. Bunduki ikaanza kushuka kutoka kifuani, ikaja tumboni, kama nilivyojua itakuja. Nikabana pumzi mimi mwenyewe, pale kwenye kochi la binti yangu, nje ya dirisha magari ya Ntinda yanapigiana honi. Hawa akaniangalia. "Mwachie tu, Jaaja. Akichoka, anatembea." Nikaachia. Kweli, akatembea. Akatembea polepole kwenye barabara tupu, anahema, na hakuna mke aliyekuwa anakwenda kufungasha.