Dirisha la Fundi Cherehani

Fundi cherehani alijiona hodari wa vipimo kuliko waashi wote, na hilo ndilo lililomponza. Alitaka dirisha pana sebuleni, ashone huku akitazama bustani ya mkewe. Mwashi alipotoboa ukuta, fundi akapima tundu kwa futi yake ya shingoni, kisha akamwagiza seremala fremu iliyozidi vidole vinne kila upande. Mkono ulishazoea: nguo hupunguzwa, haiongezwi.

Fremu ilipokuja, mwashi aliipandisha, akaishusha. "Fundi, hii tunaikunja pindo wapi?"

Fundi akajikuna kisogo. Miaka yote aliwacheka wateja waliojipimia wenyewe nyumbani. Leo yeye ndiye aliyevaa suruali ya babu yake.

Fremu ikikatwa ingeachia viungo, na ukuta usibomolewe tena, mkewe alikataa katakata. Tundu likazibwa kwa turubai, na mkewe akaisimamisha fremu bustanini, maboga yakaitambalia yakapendeza.

Sasa fundi hushonea gizani mchana kweupe, akiwasikia wapita njia wakilisifu dirisha la bustanini.

"Limekaa sawasawa," mkewe huwajibu. "Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeyapimia haya maboga."