Miguu ya Bibi

Bibi yangu aliomba kitu kimoja tu: picha ya kutangulizwa mbele ya jeneza lake. Hakuwa mgonjwa. Alichoka tu kuona, kila msiba pale Kidete, marehemu akibebewa picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka sura ikawa ukungu. Yake aliitaka mapema, amesimama, na sare ya akina mama wa kanisa, kichwa mpaka miguu.

Mimi nilikuwa na shahada, sina kazi, nina kamera ya mtumba. Nilipiga kwa filamu ya nyeusi na nyeupe tu, kwa lenzi pana, na wengine wote niliwadharau: watalii wa Mikumi na lenzi zao ndefu kama mabomba, vijana wa simu, na zaidi yao yule mzee wa studio Kilosa mjini, anayesimamisha kila mtu mbele ya maporomoko yaliyochorwa ukutani. Tembo wangu wa Mikumi walitoka wadogo kama kunguni. Nikasema huo ni mtindo.

Nilimsimamisha Bibi kando ya reli, nikawaza robo saa nzima. Nikimweka katikati, si ushamba? Nikaona ni ushamba. Nikamsukumia ukingoni mwa picha, nikamsogelea.

“Mume wangu,” akasema, ndio utani wetu, “unapiga picha au unataka kunibusu?”

“Tulia, Bibi. Hii ni sanaa.”

“Haya. Miguu inaonekana?”

“Inaonekana.”

Sikuangalia.

Nilisafisha mkanda wa filamu mwenyewe, bafuni, nikampelekea picha kubwa kwa majivuno. Akaishika mbali na macho. Uso wake ulikuwa umevutwa kuelekea pembeni kama donge la chapati. Sare ya bluu ilikuwa nyeusi. Chini ya magoti hakukuwa na kitu.

“Reli imetoka vizuri,” akasema. “Basi siku hiyo mtaizika reli.”

Nilianza kumweleza jinsi lenzi pana inavyovuta vilivyo ukingoni. Alikuwa ameshaingia ndani.

Jumamosi nilimsindikiza studio Kilosa. Nilishika mkoba wake, nikitafuta cha kudharau, na kilikuwepo: maji ya maporomoko yale yalipakwa rangi ya sabuni ya kufulia. Yule mzee akainama, akafuta vumbi kwenye viatu vya Bibi kwa leso yake mwenyewe, kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

“Miguu?” Bibi akauliza.

Mzee akachungulia tena kwenye kamera, bila haraka.

“Ipo, mama. Yote miwili.”