Paka wa Mama na Sindano ya Pili

Mama yangu hakuwa mtu wa simu. Yeye alikuwa Kwamsisi, mimi nashona nguo hapa Korogwe, na kila mara nilipompigia alijibu kama mtu aliyeacha chungu mekoni: salamu, habari za mvua, basi.

Paka ndiye aliyembadilisha. Mwaka jana mbwa mwenye kichaa aling'ata watu kijijini, bwana mifugo akaja kuchanja mbwa na paka. Mama hakutaka. Paka wake, jike mwenye mabaka meusi, ndiye aliyelinda mahindi darini, na kule kwetu wengi wanaamini paka akichomwa sindano hawezi tena kukamata panya. Mimi mjuaji nilimng'ang'ania kwenye simu mpaka akakubali. Paka akachanjwa, akalala. Siku ya pili nilipokwenda kumsalimia mama nilimkuta paka bado kajikunja pembeni, na panya wanatamba darini. Mama akamtia kwenye kiroba, akafunga mdomo wa kiroba kwa kipande cha kanga, asije akaiona njia akarudi.

"Mmeshamharibu na sindano yenu," akasema. "Nenda naye. Mimi nitatafuta mwingine."

Asubuhi yake nilimkuta paka jikoni kwangu Korogwe ana panya mdomoni. Kumbe alikuwa mchovu tu. Nilicheka peke yangu. Jioni simu ikaita, mama.

"Mgonjwa wangu kaamkaje?"

Shetani alinipitia. Nikasema, "Bado analala, mama."

Kesho yake akapiga tena, na keshokutwa. Aliuliza kama paka anakula, kama anakunywa maji, halafu akimalizana na paka anahamia kwangu: kikohozi kimekwisha? Nimekula nini? Mtu mzima mimi, mwenye cherehani yangu, nikawa naingoja simu ile kama mtoto. Nilijiambia nitamwambia ukweli wiki ijayo, na mvua zikipungua nitamrudisha paka mwenyewe.

Mama alifariki kabla mvua hazijaisha. Paka mwingine hakuwa ametafuta. Siku ya maziko nilipanda darini nikakuta magunia yametobolewa na mahindi yamebaki pumba. Nilikaa juu kule mpaka wakaja kuniita.

Mwaka huu gari la matangazo limepita mtaani: chanjo ya mbwa na paka, ofisi ya kata. Nilizima cherehani nikaanza kupima mambo. Paka huyu ndiye kitu pekee chenye uhai nilichopewa kwa mkono wa mama. Sindano ikimzidi safari hii, nitabaki na nini? Kwa upande mwingine anazurura, anapigana na wenzake, anarudi na makovu, na watoto wa jirani wanambeba kutwa nzima. Akipata kichaa atamng'ata nani kwanza?

Nikampeleka kwenye kiroba kile kile. Mdomo nikauacha wazi. Hata angeijua njia ya Kwamsisi, hakuna wa kumrudia.

Bwana mifugo, kijana mpole, aliniamkia, nami nikamuuliza yote yaliyonikaa moyoni.

"Wengi wanalala siku moja au mbili," alisema. "Wengine panavimba kidogo pale palipochomwa. Mara chache sana unakuta mmoja uso umevimba au anahema kwa shida, ndiyo maana nitakuomba ukae hapa kidogo kabla hujaondoka. Lakini kichaa kikishaanza hakina dawa, si kwake, si kwako."

"Kulala ni kawaida?"

"Kawaida kabisa."

Maneno mawili tu. Nilitamani angeyasema barazani kwa mama, mwaka jana, siku ile ya kiroba.

Tulikaa kwenye benchi hadi akaturuhusu. Nyumbani paka alijikunja juu ya vitambaa vyangu akalala, kama mara ya kwanza. Jioni, saa ya simu ya mama, nilikaa karibu naye nikamwekea mkono mgongoni.

Siku ya tatu akajinyoosha, akatoka nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na panya, akamweka miguuni pangu akaketi kunitazama. Hapakuwa na mtu mwingine ndani, nikasema kwa sauti:

"Kaamka, mama. Aliamka siku ile ile uliyopiga kumuulizia."