Mkono Ulionyimwa Samli

Nilipokuwa mtoto, mkono wangu wa kushoto ulikuwa na kazi chache, na karibu zote hazikuwa za kujivunia. Ulishika kibuyu huku mkono wa kulia ukikamua, ulifukuza nzi, ulibeba ndoo, na ulifanya kazi nyingine moja ambayo kila aliyelelewa na bibi anaijua bila mimi kuitaja. Kupokea kitu kwa mtu, au kumpa mtu kitu, haukuruhusiwa hata siku moja. Bibi yangu, aliyenilea kijijini Bonga tangu mama aende kutafuta maisha Arusha, alisema kinachopokelewa kwa kushoto hakikai. Kikiwa chakula hakishibishi, ikiwa mbegu haioti, na ndama hafiki msimu wa pili.

Bibi alizaliwa kwa wafugaji wa mbuga za Hanang, akaolewa na mkulima wa mbaazi, akabaki mjane mwenye shamba dogo na ng'ombe wawili. Kwa habari ya mkono wa kushoto alikuwa na ushahidi. Shemeji yake alipokea mahari ya binti yake kwa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umeungua, na wale ng'ombe wote wakafa kwa ugonjwa wa ndigana kabla ya mvua za vuli. Nilipouliza kama ng'ombe wa majirani hawakufa mwaka ule, niliambiwa nikachote maji.

Nilikuwa darasa la sita alipokuja shuleni kwetu Mwalimu Elinami, kijana kutoka Upareni aliyependa riadha kuliko chaki. Alichora uwanja wa mbio kwa majivu juu ya nyasi, akakata kipande cha bomba la maji kiwe kijiti, akachagua wasichana wanne wa mbio za kupokezana, kila mmoja mita mia. Alitupanga kwa kutazama miguu. Magda, rafiki yangu wa darasa la saba, alijua kuchomoka filimbi ikilia na kukata kona vizuri, basi akawa wa kwanza. Mimi kona zilinishinda, lakini paliponyooka hakuna aliyenipata, nikawa wa pili.

Sasa, kwa asiyejua mambo haya: wa kwanza hubeba kijiti kwa mkono wa kulia ili akae upande wa ndani wa kona. Wa pili hukipokea kwa kushoto, hukimbia nacho kwa kushoto, na humpa wa tatu kwa kushoto. Yaani Mwalimu alinipa, bila kujua, nafasi ya kuvunja sheria zote mbili za Bibi ndani ya mita mia. Tena unapokea bila kutazama nyuma. Unaanza kukimbia, unanyoosha mkono kwa nyuma kiganja kikiwa wazi, na anayekuja akikufikia anapaza sauti, "Shika!" Hapo unafunga vidole na kuondoka.

Nilimweleza Bibi tukipepeta mbaazi. Hakunikataza. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Kimbia, mjukuu wangu, miguu ni yako. Lakini ukipokea kwa huo mkono, kitakuponyoka mbele za watu."

Na kiliniponyoka. Zilikuwa mbio za kirafiki na shule moja ya Mutuka, uwanjani kwetu, wazazi wamejipanga pembeni. Magda alitoka konani akiwa mbele ya wote. Nilianza kukimbia, nikanyoosha mkono, nikasikia "Shika!" karibu kabisa na sikio langu. Naukumbuka mkono wangu ulivyofanya, maana mimi mwenyewe sikuuagiza. Ulijikunja ukarudi kifuani, kama alivyonifundisha Bibi kwa makofi mepesi tangu sijaanza shule, na wa kulia ukazunguka kwenda kupokea kwa adabu. Kijiti kilinigonga kiwiko, kikaanguka, kikabingirika hadi njia ya wenzetu. Nilipokiokota, wa Mutuka walikuwa wameshapokezana kwa mara ya pili.

Magda alilia bila kujificha. Alikuwa anamaliza shule ya msingi mwaka ule, na baada ya hapo hakuwa na uhakika wa kukimbia tena popote. Jioni ile, hata hivyo, alinikuta kisimani akanitania kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi nimevunjika mkono. Nilicheka huku nikiumia.

Mwalimu alidhani nimeogopa watu. Nilipomweleza ukweli hakucheka. Alisema hata mama yake angemrudisha mlangoni akipokea chumvi kwa kushoto, na kwamba yeye hawezi kubishana na bibi wa mtu. Kisha akanitazama usoni.

"Mashindano ya wilaya ni baada ya wiki mbili," alisema. "Kijiti kisipokaa mkononi mwako hadi Ijumaa ijayo, Paskalina, namweka mwingine."

Niliipenda nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kuwa nacho. Sikuwa mzuri wa hesabu, sikuwa na viatu, na mama yangu alikuja mara moja kwa mwaka. Lakini kwenye zile mita mia zilizonyooka nilikuwa mtu. Nikaamua kwamba mkono utajifunza, upende usipende.

Kila asubuhi, kwenye njia ya pembeni mwa mashamba ya mbaazi, niliufunga mkono wa kulia kiunoni kwa kipande cha khanga kuukuu, nikatangulia mbio, na Magda akanifuata na chochote alichookota: gunzi, mwiko, mpini wa jembe. "Shika!" Kilianguka. "Shika!" Kilianguka tena. Siku tatu za kwanza mkono ulikuwa ukijikunja kila tukipita mbele ya uzio wetu, kwa kuwa nilijua Bibi yuko zizini na anasikia. Siku ya nne ulijikunja mara mbili tu. Siku ya saba Magda aliniwekea mpini wa jembe nao ukakaa, na tukakimbia hadi shule mimi nikiwa nimeubeba kwa kushoto, watu njiani wakidhani tumechelewa kulima. Ijumaa ilipofika Mwalimu alitujaribu mara kumi. Kijiti kilikaa mara kumi.

Ila mkono ukishafundishwa hauchagui mahali. Jioni ileile Bibi alinipa kikombe cha maziwa, na wa kushoto ukachomoka wenyewe, kiganja wazi. Bibi alikirudisha kikombe kifuani kwake. Hakunipiga wala hakupandisha sauti, na ningependa angefanya hivyo.

"Umeufundisha," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nami nitakufa lini, ili uufundishe na mengine?"

Nilipokea maziwa kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikamwambia anisamehe. Halafu nikasema jambo ambalo mtoto wa kwetu hakuwa akilisema. Nilimwambia kwamba nyumbani nitapokea anavyotaka yeye maisha yangu yote, lakini uwanjani nitaendelea. Alitoka akaenda kuwatazama ng'ombe, ambao walikuwa wameshatazamwa.

Asubuhi ya mashindano aliniita. Alikuwa na samli kwenye kijaluba, kama walivyofanya kwao kijana akianza safari ndefu. Alinipaka miguu yote miwili, taratibu, kuanzia magoti hadi vidole, akinong'ona kwa lugha yake. Akanipaka paji la uso. Akanipaka kiganja cha kulia na kutema mate kidogo juu yake ili baraka ikae. Nikampa wa kushoto. Aliutazama, akafunga kijaluba.

Niliondoka Bonga na mkono mmoja mkavu. Sitasahau nilivyouona ule ukavu, kila nilipokunja vidole ndani ya gari la shule. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na woga, maana nilimwamini Bibi. Watu wakisikia habari hii hudhani niliacha kuamini. Sikuacha. Nilisimama kwenye mstari wangu nikiamini kabisa kwamba kijiti kitaniponyoka, na nikaamua kukishika hivyohivyo.

Filimbi ililia. Magda akaikata ile kona, wa pili kati ya sita. Alipofika alama yetu nikaondoka, nikanyoosha mkono mkavu, sikutazama nyuma. "Shika!" Kijiti kiliingia kwa ncha tu, vidole vitatu. Nilihisi kinateleza, nikakikaza mpaka kucha zikaniuma kiganjani, nikakimbia mita mia nzima nikiwa nimekishika kama mtu aliyeshika mkia wa ndama. Nilimkabidhi wa tatu kwa kushoto. Tulimaliza wa pili, na timu mbili za kwanza ndizo zilizokwenda mkoani. Magda alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mrefu kuliko yeye.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, nikamweleza Bibi kwamba kimekaa, na kwamba tumekuwa wa pili. Alifikiri kidogo.

"Unaona?" alisema. "Kwa kulia mngekuwa wa kwanza."

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi, kila mtu na ushindi wake. Nyumbani nilipokea kwa kulia, uwanjani kwa kushoto. Nilikimbia hadi sekondari, kisha maisha yakanipeleka kwingine. Leo nauza mbegu na dawa za mifugo Maisaka, na Jumamosi nafundisha watoto wa mtaa mbio za vijiti. Kila mwaka anatokea mmoja ambaye mkono wake unajikunja. Simgombezi. Namuuliza anaishi na nani.

Miaka miwili iliyopita Bibi alipata kiharusi, upande wa kulia. Mkono ule uliogawa maziwa, mbegu na baraka ukalala juu ya mkeka, na ulimi wake ukawa mzito. Uliomuumiza zaidi ulikuwa wa kushoto, kwa kuwa ndio pekee uliobaki. Alikubali kulishwa, lakini hakukubali kumpa mtu kitu. Akimaliza uji alikishusha kikombe chini na kusubiri tuondoke, ndipo akisogeze mahali tutakapokiokota wenyewe.

Mchana mmoja nilimkuta ameketi mlangoni, ameivua bangili yake ya shaba aliyoivaa tangu akiwa mwari. Ilikuwa kwenye kiganja cha kushoto. Aliniangalia, akaiangalia, akaufunga mkono. Nilielewa anataka kunipa, na kwamba afadhali afe nayo kuliko kunipa kwa ule mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, na Bibi hakuwa mtu wa kulia.

Nilifikiri niuinue ule wa kulia, niiweke humo, tujifanye. Nikaona ni kumtania mtu mzima. Badala yake nilimgeuzia mgongo. Nilisimama hatua mbili mbele yake, nikainama kidogo, nikanyoosha mkono wa kushoto kwa nyuma, kiganja wazi.

"Geuka," alisema kwa shida.

"Bibi, hapa sitazamagi nyuma."

Kuku walipita mbele yangu, nikawahesabu ili nisigeuke. Ndipo nilipohisi ncha za vidole vyake kwenye kiganja changu. Vilikuwa na kitu laini, vikazunguka polepole kuanzia kifundoni hadi kwenye vidole, vikaacha unyevu. Nilijua harufu ile kabla sijajua ni nini. Kijaluba cha samli kilikuwa miguuni pake, nami sikukiona nilipofika.

Miaka yote nilidhani asubuhi ile ya mashindano aliunyima mkono wangu kwa hasira. Nadhani sasa aliogopa tu, kama mimi, na hakujua baraka ya mkono ule inasemwaje. Baada ya samli ikaja bangili, yenye joto la mwili wake. Na Bibi, aliyetusikiliza nyuma ya uzio asubuhi zote zile, akasema kwa ulimi ule mzito, "Shika."

Nikafunga vidole. Ninaivaa kushoto, na hadi leo haijaniponyoka.