Kituo cha Mwezi wa Kumi na Moja

Kazini walimwita Mama Nukta, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha chapa, kwenye chumba cha mwisho baada ya mashine, penye meza moja, dirisha moja na harufu ya wino iliyomfuata mpaka nyumbani. Kila karatasi ilipita chini ya kalamu yake nyekundu kabla ya kuchapwa. Nukta ikikosekana mahali, hakuona raha mpaka airudishe.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kalenda ya ukutani. Kila mwaka kiwanda kilitoa kalenda ya pembe za dunia zisizojulikana na wengi: mwezi mmoja, picha moja, maneno yasiyozidi sitini. Humo alikutana na kisiwa chenye paka wengi kuliko watu, mji wa bondeni ambao jua la majira ya baridi huupita juu bila kuugusa, na kijiji cha wachimba chumvi ambako hata ngazi za nyumba ni za chumvi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Alisafiri akiwa ameketi, kalamu mkononi.

Mwaka mmoja mume wake alipatwa na kiharusi. Alikuwa mkuu wa kituo cha reli aliyestaafu, mtu wa maneno mengi na utani usiokwisha. Asubuhi moja aliamka upande mmoja wa mwili umelala na ulimi umefungwa. Daktari aliwaambia wamsemeshe kila siku, hata asipojibu. Mama Nukta akaanza na habari za majirani, zikamwishia ndani ya wiki. Binti yao, fundi cherehani aliyekuwa akishinda na baba yake mchana, akamshauri mama yake amsomee chochote kile. Ndipo akaanza kubeba karatasi za kalenda nyumbani.

Saa kumi na moja jioni kiti cha mgonjwa kilisogezwa dirishani, naye akamsomea mahali pamoja, polepole. Mzee alisikiliza amefumba macho. Kisiwa cha paka alikipenda, maana mdomo ulimcheza upande mmoja. Ikabidi kisomwe mara tatu. Lakini miezi minane ikapita, neno halikutoka.

Huko kiwandani, mwandishi aliyepewa mwezi wa kumi na moja akajitoa kazi ikiwa ukingoni. Meneja aliingia chumbani kwa Mama Nukta ameshika kiuno, akilalamika kwamba mashine zinangoja na ukurasa ni mtupu. Mama Nukta akasema, bila kuinua kichwa, kwamba yeye anapajua mahali. Kulikuwa na kituo kidogo cha reli huko milimani, reli inapokata kona, alikofanya kazi mume wake walipooana. Treni ziliacha kufika zamani.

"Sasa, Mama Nukta, nani atakwenda huko?"

"Bosi, wangekuwa wanakwenda, si pangekuwa panajulikana?"

Meneja alijikuna kidevu, akampa siku mbili na kuahidi kumtuma mpiga picha.

Mganga hajigangi. Mwanamke aliyezoea kupogoa maneno ya wenzake alijaza karatasi tatu nzima: baridi ya alfajiri, chai ya kwenye kopo, yeye bi harusi mgeni akifundishwa kupeperusha bendera ya kijani. Akafuta, akafuta tena, mpaka yakabaki maneno hamsini na tisa. Jioni akamsomea mume wake kabla hajamwonyesha mtu mwingine.

"Jukwaa la kituo hiki ni hatua arobaini tu," alisoma. "Asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni na kuingia ofisini bila tiketi. Upande wa kushoto lipo tangi la maji, ambako treni zilikunywa kabla ya kuukabili mlima..."

"Kulia."

Mama Nukta akaishusha karatasi. Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, lakini neno lilikuwa neno. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika mumewe mashavu.

"Lia, mume wangu. Lia tu, hakuna wa kukucheka," akamwambia, na yeye mwenyewe akatangulia.

Mzee alikunja uso. Akavuta pumzi, akainua mkono wake mzima, akaukatisha mbele ya kifua na kunyoosha kidole upande wa pili.

"Tangi," akasema. "Kulia."

Binti yao alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia bado shingoni. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Mama Nukta alichukua muda kuelewa kwamba hapa hakuna mtu aliyetaka kulia, alikuwa anasahihishwa. Akabisha kidogo, kwa mazoea ya ndoa: ukishuka kwenye treni, tangi liko kushoto. Mzee akajigonga kifua, na mkewe akamwelewa. Yeye hakuwa abiria. Kwa miaka kumi na mmoja alikitazama kituo akiwa kwenye dirisha la tiketi, na kutoka hapo tangi liko kulia. Mama Nukta akachukua kalamu nyekundu, akakata neno lake mwenyewe kwa mstari mmoja ulionyooka.

Baada ya siku hiyo maneno yalirudi moja moja: taa, bendera, filimbi, kisha jina la mkewe, ambaye alinuna kwa kutanguliwa na filimbi. Hayakurudi yote, na daktari alisema wasiyatarajie yote.

Mpiga picha alipotumwa, Mama Nukta aliomba nafasi mbili kwenye gari la kiwanda. Binti aliwafungia blanketi na machungwa. Baada ya saa nne za kupanda wakakikuta kituo: mabati yameng'oka, nyasi zimejaa katikati ya reli, tangi limeliwa na kutu lakini limesimama. Mama Nukta alihofia mzee atavunjika moyo. Mzee aliangalia huku na huku, akaonyesha benchi, wakamkalisha, na mkewe akakaa kando yake.

Mpiga picha aliwaomba kwa adabu wasogee kidogo, kwa kuwa meneja anataka mahali penyewe, bila watu.

"Hatuwezi," mzee akamjibu, neno kwa neno, bila hata kutabasamu. "Tunangoja treni."

Mpiga picha alicheka mpaka akainamia kamera yake, kisha akawapiga picha hivyo hivyo walivyokaa. Mama Nukta alimenya chungwa, akalitoa mbegu, akawa anamlisha mumewe kipande kimoja kimoja, huku ukungu ukishuka taratibu bondeni.